Sanduku la Shangazi na Nyumba ya Boriti Fupi

Mwaka juzi, siku moja ya kusi, nilikosa boti ya asubuhi ya kutoka kisiwani Lamu kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa sababu ya karatasi moja. Ilikuwa hati ya kuzaliwa ya mwanangu wa pili, nayo ilitakiwa siku hiyo hiyo, hati yenyewe na si nakala. Nilikuwa na yakini kwamba nimeiweka mahali pazuri, na hapo ndipo ulipokuwa msiba wenyewe, kwa maana katika nyumba yetu mahali pazuri palikuwa pengi mno. Nilifungua kabati, nikavuta droo za meza ya cherehani, nikainua magodoro, nikapekua mkoba wa marehemu mama. Nilichoambulia ni funguo tatu zisizojulikana ni za wapi, stakabadhi ya friji tuliyokwisha kuiuza, pasipoti ya ami yangu iliyopitwa na wakati, na bahasha ya picha za harusi ya watu nisiowafahamu. Hati ilionekana siku tisa baadaye, imelala kati ya mikunjo ya leso, yaani kanga, ndani ya kasha, imenyooka na inanukia udi, ilhali mimi nilikuwa nimekwisha kulipia nyingine na kupoteza siku mbili za kazi.

Nilikasirika, na kama ilivyo ada nikamkasirikia kila mtu: watoto, mume wangu, nyumba. Ilinichukua muda kukubali kwamba nyumba ndiyo iliyokuwa na haki ya kunikasirikia mimi.

Tunaishi mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe iliyokuwa ya bibi yangu mzaa baba. Asiyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu inafaa ajue jambo moja kabla ya mengine, nalo ni kwamba upana wa chumba hauamuliwi na mwenye nyumba bali huamuliwa na mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali, kwa hivyo vyumba vyetu ni vyembamba, mita 3 au pungufu kidogo, hata kama urefu wake unatosha kuketisha watu thelathini katika hitima. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi miaka mingi hadi Uarabuni na Ghuba, na huko pia zikajenga vyumba vya kipimo hicho hicho. Ukitoka dakani, yaani barazani mwa mlango, unapita tekani, ukumbi wa kuingilia, unatokea kiwanda, ua ulio wazi kwa jua, kisha msana, chumba kirefu cha kukaa, kisha msana mwingine, kisha ndani, chumba cha siri, kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndivyo mwanga unavyopungua na mambo yanavyokuwa ya siri zaidi. Katika nyumba ya namna hiyo ukiweka kabati kubwa la mbao, kama nililoletewa nilipoolewa, umekata chumba vipande viwili, na yeyote atakayepita itambidi apite ubavu.

Bibi hakuwa na kabati. Alikuwa na makasha mawili, kitanda kirefu ambacho chini yake ungeweza kusimamisha mtungi, mikeka iliyoviringishwa pembeni, na zidaka. Zidaka ni zile nafasi zilizochongwa kwa chokaa ukutani, safu juu ya safu, ambazo zamani waungwana walipangia sahani za Kichina na vitabu. Kwetu zimesalia 18, nyingine zimebomoka kingo. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni pambo tu, lakini siku hizi naziona kama hesabu: kidaka hakifunguki kikawa kikubwa zaidi, hakina mlango wa kukufichia aibu, na kilichomo kinaonekana na kila aingiaye. Bibi alipoletewa bakuli jipya, bakuli jingine lilitoka. Sisemi kwamba watu wa zamani walitushinda akili. Bibi hakuwa na watoto watatu wenye sare za shule na kanzu za chuo cha Kurani, wala chaja nne ambazo hakuna hata moja inayoingia katika simu inayohitajika. Ila alijua ukuta wake unabeba nini, na mimi sikujua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba dawa ni kuongeza mahali pa kuweka. Nilimwita fundi anifungie rafu ya mbao katika msana. Fundi alitazama ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akanambia, “Mama, ukuta huu hautaki msumari.” Nikamwambia apige tu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na kwa macho zinaonekana zinaweza kubeba meli, lakini lipu yake ya chokaa ya miaka mingi ni laini, na ikishatikiswa hujitenga na jiwe kimyakimya. Rafu ilikaa wiki tatu. Usiku mmoja tulisikia kishindo, tukakuta rafu, vikombe kumi na viwili na bamba la lipu lenye ukubwa wa sinia vyote viko chini. Nilitaka kuziba kwa saruji, na kwa bahati fundi yule yule akanikataza, kwa kuwa saruji huzuia unyevu usitoke na jiwe la ndani huoza. Tuliziba kwa chokaa. Alama ipo hadi leo, na sijataka kuifunika.

Baada ya rafu ndipo nilipochukua daftari. Ijumaa moja, watoto wakiwa kwao mume wangu, nilipanda juu sabuleni, chumba kilichojengwa kwa ajili ya wageni ambacho sisi tulikuwa tumekigeuza ghala, nikaanza kuandika kila kitu kikubwa na ubavuni mwake jina la mwenyewe. Nilitarajia daftari linithibitishie nilichokuwa nikijishutumu nacho, kwamba mimi ni mnunuzi asiye na breki. Daftari likasema mengine. Vitu vilikuwa 43, na 26 kati ya hivyo havikuwa vyetu. Kulikuwa na cherehani ya binamu yangu, baiskeli ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, feni mbili za kaka wa mume wangu, fremu za picha za mtu aliyehamia Malindi, magodoro tisa, na sanduku la chuma la rangi ya buluu la shangazi yangu wa Mombasa, lenye kufuli, ambalo lilikuwa limekaa pale miaka kumi na minne.

Mashauri mengi ya kupunguza vitu niliyowahi kuyasoma humwambia mtu ashike kitu mkononi na ajiulize kama anakipenda. Sijui ningejiuliza nini nikiwa nimeshika kufuli ya shangazi. Kwetu sisi vitu vinavyojaza nyumba havitoki dukani tu, vinatoka kwa watu, na kilichotoka kwa mtu kina jina, nalo ni amana. Amana haitumiwi, haifunguliwi wala haitupwi, na mwenyewe hasemi kamwe ataichukua lini. Hutolewa mlangoni, mtu akiwa na haraka ya chombo: “Niwekee tu, nitakuja kuichukua.” Ukikataa, umemkataa yeye. Ndiyo maana nyumba iliyojaa mara nyingi ni ya mtu anayependwa, au ya mtu asiyejua kukataa, na kwa nje wawili hao hawatofautiani.

Nilichofanya ni kupiga simu, moja baada ya nyingine, kwa muda wa karibu mwezi mzima. Sikumwambia mtu aje aondoe mzigo wake. Nilimwambia kwamba kitu chake kinaharibika, na ilikuwa kweli tupu. Lamu hakuna ghala kavu. Masika yakiingia na kusi ikifuata, chumvi hupenya hata penye mlango uliofungwa, chuma huvimba kutu, ngozi ya viatu huota ukungu wa kijani, karatasi zilizobanwa pamoja hugandana, na mbao iliyogusa ukuta hukaribisha mchwa. Kuhifadhi kitu hapa bila kukitumia ni kukiua polepole. Nilipompigia binamu kuhusu cherehani alicheka, akasema alikuwa amesahau kabisa, mpe yeyote atakayeitumia, na sasa inashona sare za watoto nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwenye feni alinuna kidogo. Mwenye fremu hakupokea simu, nikamtumia kwa mtu anayesafiri. Niliwapa wote muda hadi mwisho wa Shaabani, kwa sababu huo ndio mwezi ambao kila nyumba husafishwa kwa ajili ya Ramadhani na hakuna anayeweza kusema ameonewa.

Magodoro yalikuwa na kesi yake. Nayo ni ya Maulidi, ambayo kwetu husomwa Mfungo Sita, mwezi wa Rabiul Awwal, katika msikiti wa Riyadha, kama ilivyoachwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeuanzisha, na siku hizo mji hupokea wageni kutoka pwani yote hata ng'ambo ya bahari. Hakuna nyumba isiyolaza mtu. Kwa ajili ya siku zile chache tulikuwa tukiishi mwaka mzima na magodoro tisa yaliyopangwa hadi karibu na dari, yakinyonya unyevu na kulea kunguni. Nilipozungumza na jirani zangu niligundua kwamba kila nyumba katika kichochoro chetu ilikuwa na mlima wake, ingawa si kila nyumba hupata wageni wengi kwa mwaka mmoja. Sasa nyumba tano tuna magodoro 20 kwa jumla, manne kila nyumba, na yanakwenda wageni waliko. Si uvumbuzi. Sufuria kubwa na masinia ya harusi yamekuwa yakizunguka mitaani tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kufikiri kila bibi harusi anunue yake.

Nimezungumza sana juu ya vitu vya watu, na huenda msomaji akadhani vyangu vilikuwa vichache. Basi nifungue kasha la leso. Nilizihesabu: jozi 34, na moja iliyobaki pekee, ambayo mwenziwe ilikwenda na mama hospitali haikurudi. Leso haifanani na nguo nyingine, kwa sababu ina maneno yake, na aliyekupa alikuchagulia maneno hayo, kwa hivyo kila moja ni barua. Nyingine zilikuwa hazijakatwa bado, jozi nzima imeshikana vile vile ilivyotoka dukani, pindo halijashonwa, rangi imeanza kufifia katika mikunjo. Nilizitandaza zote juu ya kitanda. Nilichagua jozi kumi na mbili za kuvaa kwelikweli, na ile moja ya mama nikaifunga mahali pake. Zilizochakaa nikazigawa katika mafungu mawili: laini kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa mjamzito, kwani hakuna nepi ya dukani inayoshinda leso kuukuu, na zilizobaki matambara ya sakafu. Mpya nilizipeleka harusini na arubaini.

Kuna wanaoona haya kutoa zawadi waliyopewa. Mimi pia niliona, hadi mwaka huu nilipoletewa leso nilipovunjika mkono, nikaitandaza, nikaona pindo limeshonwa kwa uzi wa buluu uliokosa mstari katika kona moja. Ule uzi ni wangu, na ile kona niliikosea mimi mwenyewe taa zilipozimika. Leso ilikuwa imepita katika nyumba nne, kwa hesabu yangu, ikarudi bila kuvaliwa hata siku moja. Nimeivaa, na aliyenipa bado hajui.

Jikoni palikuwa na tatizo la bakuli. Jirani akikuletea chakula chombo hakirudishwi kitupu, na sheria hiyo ni nzuri isipokuwa kwa mtu anayerudi kazini na boti ya jioni. Bakuli hungoja upike kitu cha kurudishia, hukupata nafasi, linaletwa jingine, na Ramadhani ikiisha unakuta una vyombo vya nusu ya mtaa na nusu ya mtaa ina vyako. Sasa bakuli halilali kwangu zaidi ya siku mbili. Likirudi na maembe matatu au kishada cha ndizi, au hata sukari iliyofungwa katika karatasi, halijarudi tupu, na sijasikia jirani aliyelalamika.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Mkoba mmoja tu, wenye zipu, bahasha moja kwa kila mtu, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: hati ya kuzaliwa, cheti cha shule, karatasi za kliniki, nakala ya kitambulisho. Nyaraka za nyumba zina bahasha yake. Mkoba unaning'inia katikati ya chumba na haugusi ukuta wa nje, na kaskazi inapovuma, siku kavu, nauanika dakika chache kivulini. Kila karatasi imepigwa picha na picha ziko pia kwa dada yangu. Pasipoti ya ami nilimpelekea mwenyewe, akafurahi kuiona kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya picha yake akiwa kijana.

Kila siku ina vurugu zake, na kwa hizo sina dawa isipokuwa kikapu. Ni kikapu cha ukindu, kimekaa tekani kando ya mlango, na kazi yake ni kupokea kila kitu kinachopaswa kutoka: kitabu cha kurudisha, kiatu cha kupeleka kwa fundi, bakuli la jirani, dawa ya mzee wa nyumba ya nyuma. Anayetoka hukitazama na kuchukua kinacholingana na njia yake. Watoto walikichukia mwanzoni, halafu mdogo wao akagundua kwamba akitia humo daftari lake la chuoni usiku, asubuhi hapigiwi kelele. Baada ya isha tunazunguka nyumba robo saa, wote, hata baba yao, kila mtu anarudisha kilicho chake. Kuna usiku hatufanyi. Kuna wiki nzima hatufanyi, hasa mitihani ikikaribia, na nyumba huonyesha mara moja, kwa kuwa vyumba vyembamba havina pa kuficha uzembe. Simu yangu ningependa niseme nayo inafagiliwa, lakini makundi ya harusi bado yanaishinda.

Linabaki suala la kile kisichofaa tena kwa mtu yeyote. Bara unaweza kujidanganya kwamba takataka zimekwenda zake. Kisiwani kila kitu kiliingia kwa chombo, kikapandishwa juu ya punda au begani mwa hamali hadi mlangoni, na kikitoka kinabaki tunakoishi, kikichomwa tunakivuta puani, kikitupwa ufukweni maji yanatuletea tena. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilinipunguzia droo nzima jikoni, ile iliyokuwa imejaa mifuko ndani ya mfuko. Na walipounda hapa Lamu jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndara zilizookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, watoto wangu walikwenda kulitazama, na tangu hapo ndara iliyokatika haitupwi kwetu bila mtu kuuliza imekwenda wapi. Hilo limenifanya niwe mzito wa kununua kuliko mzito wa kutupa.

Shangazi alikuja mwezi wa Shaabani, wa mwisho kabisa kuitikia, na alikuja mwenyewe. Alikuwa mgonjwa wa magoti na alipanda ngazi za sabule kwa kupumzika mara mbili. Ufunguo alikuwa nao, umefungwa katika pindo la leso. Kufuli lilikataa, mume wangu akalimiminia mafuta ya taa, tukangoja, likafunguka. Ndani mlikuwa na mapazia ya nyumba aliyotarajia kuhamia Lamu siku moja, nyumba ambayo haikujengwa, na seti ya vikombe iliyofungwa kwa magazeti. Mapazia yaliachana mkononi mwake kama mkate uliolowa. Alinyamaza. Nilijua ningepaswa kumpigia simu miaka kumi mapema, na nilimwambia hivyo.

“Hata ungepiga,” akasema, “ningekwambia niwekee tu.”

Vikombe vilikuwa vizima, sita, vyeupe, vyenye mstari wa dhahabu. Akavitazama kimoja kimoja dirishani, akanipa vinne. Viwili alivitia mkobani arudi navyo Mombasa. Nilivipanga katika kidaka, na ili vitoshe ilinibidi nitoe jagi la glasi ambalo sikulipenda wala kulichukia. Sanduku tupu lilibebwa na hamali siku ya pili, akalifunga juu ya punda, na kwenye kona ya kichochoro likakwama ukutani kwa upana wake, watu wakasimama nyuma kungoja.

Juu sabuleni palibaki mraba wa sakafu mweupe kuliko kwingine, na mstari mwekundu wa kutu umeuzunguka. Nimeusugua kwa ndimu na mchanga, haujatoka wote. Kwa siku tatu nzima, kila mmoja wetu alipoingia mle aliendelea kuuzunguka.